Bibi Harusi Hakimbii

Loisi alikuwa amesahau sauti halisi ya shangazi yake. Tangu aanze kazi mjini, shangazi Evelina alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu karibu kila siku, naye Loisi alikuwa akiusikiliza kwa mwendo uliozidishwa mara mbili. Kwenye simu ile shangazi alikuwa na sauti nyembamba ya ndege mwenye haraka: kuku kaliwa na kicheche, upepo umeezua choo, Stanley kakonda kwa mawazo ya harusi, wewe kula vizuri, haya kwaheri. Yote yaliisha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo Jumamosi ile, aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yao kule Zuzu, akaamkia na shangazi akaitikia, Loisi alidhani mama wa watu anaumwa.

"Marahaba, mwanangu," shangazi alisema. Kisha akanyamaza, akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akavuta pumzi, akafunga upya kanga yake. "Umekuja."

Loisi alijikuta anatafuta kwa kidole gumba mahali pa kubonyeza ili shangazi aende mbele.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Dodoma ni mji wa vikao, na vikao vyote hivyo vinarekodiwa, na kilichorekodiwa lazima mtu akiandike. Mtu huyo alikuwa Loisi. Alikaa ofisini na vipokea sauti masikioni, mguu kwenye kikanyagio cha kusimamisha na kuendesha sauti, vidole kwenye kompyuta, akisikiliza wajumbe wa bodi na washiriki wa semina wakiongea kwa kasi ambayo wao wenyewe wasingeitambua. "Kama nilivyotangulia kusema" aliiruka. "Kwa ruhusa yako mwenyekiti" aliiruka. Wakikohoa, aliruka. Ofisini walimwita Treni ya Umeme, naye jina hilo lilimpendeza. Tatizo ni kwamba jioni akivua vile vipokea sauti, dunia nzima ilikuwa kama inaburuta ndala. Muuza nyanya alikuwa anachelewa kurudisha chenji, mchungaji anachelewa kufika amina, hata maji ya bomba yalikuwa yanachelewa kufika kwenye ndoo.

Na sasa alikuwa amerudi nyumbani kupiga ngoma.

Katika ukoo wao bibi harusi haingii uani hivi hivi. Anasimama kwenye lango la ua wa miiba mpaka dada wa bwana harusi ampigie muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ile inayobanwa katikati ya mapaja huku magoti yamekunjwa kidogo na kupigwa kwa viganja. Dada ndiye anayeshika ngoma kubwa. Wenye ngoma ndogo wanamfuata yeye, wenye njuga wanawafuata wale, na bibi harusi anatembea kwa amri ya ngoma kubwa: pigo likitua, na mguu unatua, hadi mlangoni. Ngoma ikisimama, anasimama.

Loisi na Stanley walikuwa watoto wadogo walipoanza kuicheza harusi hiyo. Walikuwa wakilelewa na shangazi, pamoja na kaka yao mkubwa Charles, na Charles alijiona mkubwa mno kwa michezo. Basi Loisi alibana debe kati ya magoti, Stanley akashika gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa cheupe, akalitembeza kwenye vumbi taratibu. "Siku nikioa kweli utanipigia wewe," alikuwa akisema. "Si mwingine." Loisi alikuwa ameahidi. Katika mambo yote aliyoyatamani mwaka huu, na alitamani mengi, hakuna lililomkaa moyoni kama kumwingiza mke wa Stanley uani kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi ile ya mazoezi, wiki moja kabla ya harusi, wanawake walikuwa wamekwisha kuzipasha ngoma kwenye moto wa mabua ili ngozi zikaze. Shangazi alijitwika pazia kuukuu akawa bibi harusi, akasimama langoni na uso wa haya. Loisi akabana ngoma kubwa, akaanza.

Alianza vizuri. Shangazi akapiga hatua, akapiga nyingine, akiinamisha macho kama mwali. Halafu, bila mtu kujua ni wapi hasa, hatua zikawa fupi. Zikawa za mchakamchaka. Pazia likainuka nyuma kama bendera, njuga zikaanza kulia ovyo, kuku wakatawanyika, na shangazi Evelina akafika mlangoni anatweta, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Loisi," alisema alipopata pumzi.

"Abee, shangazi."

"Mimi ni bibi harusi au ni mwizi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wifi yake Anna, mke wa Charles, aliyekuwa kwenye ngoma ndogo na mtoto mgongoni, alijifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Wifi, hiyo ngoma umeipanda kama bodaboda. Umetupakia wote na helmeti hukutupa."

"Nilipiga taratibu," Loisi alisema. Na aliamini hivyo. "Nilikuwa najizuia kabisa. Ni nyie mlikuwa mnachelewa."

Kicheko kikakatika. Wakatazamana.

"Hebu rudia," shangazi alisema.

Akarudia. Shangazi akafukuzwa tena hadi mlangoni. Mara ya tatu bibi harusi alikataa kukimbia. Alijitembelea zake polepole huku ngoma ikimpita, na Loisi akamaliza wimbo yeye bado yuko katikati ya uwanja, mkono kiunoni.

"Sikiliza, mwanangu," shangazi alisema, akilikunja pazia. "Paskazia atakuwa na gauni la kuburuta na viatu virefu, kwenye mchanga huu. Nyuma yake watakuwa mama yake na mashangazi zake, wametoka Bukoba, wamesafiri siku nzima kuja kuona binti yao anapokelewaje. Akianguka kifudifudi hapa tutawaeleza nini? Kwamba tulikuwa na haraka? Ijumaa alasiri nitakusikiliza tena. Ikikimbia, Anna atashika ngoma kubwa."

"Anna si dada yake Stanley."

"Najua Anna si dada yake Stanley. Mahari yake niliipeleka mimi mwenyewe, kule Kibakwe."

"Na mvua ikamnyeshea njia nzima," Anna alisema. "Lakini wifi, mimi sikitaki kiti chako. Kikalie vizuri tu."

Wiki ile Loisi alifanya jambo ambalo mtu wa ofisi yake peke yake angelifanya. Alipakua kwenye simu mashine ya kugonga mapigo, tak, tak, tak, akaiweka sikio moja, sikio la pili akaacha kikao cha bodi fulani kikimbie kwa kasi yake ya kawaida, na mapumziko ya chai yalipofika akawa anapiga meza kwa viganja. Ludovick, aliyekaa meza ya jirani, alivumilia hadi Jumatano.

"Dada Loisi, nina swali. Hiyo mashine inakuongoza wewe au wewe unaiongoza?"

"Inaniongoza."

"Basi mbona unagonga kabla yake? Unagonga wewe kwanza, halafu ndiyo inagonga. Kama mtu anayeitikia hodi kabla haijabishwa."

Loisi alisikiliza, akaona ni kweli. Kila pigo lilipopigwa yeye alikuwa ameshaliacha, yuko mbele analisubiri la pili, na kusubiri kukimchosha analifuata huko huko liliko. Alijaribu kujikaza. Alikaza magoti, akakaza meno, akakaza mabega, na mikono ikazidi kukimbia kama imefunguliwa kamba. Alhamisi akaomba ruhusa akaenda Zuzu na mikono yake ile ile.

Ijumaa asubuhi walimpa vitunguu. Alivimaliza mapema kuliko wote, akasogeza beseni kwa majivuno. Shangazi akachungulia. "Huu ni mchuzi au ni msingi wa nyumba?" Wakampa mchele achambue, akauchambua kwa kasi na mawe yake yakabaki humo humo. Ilipofika saa za mchana, wanawake walipotaka kwenda kanisani kuchukua viti na masufuria makubwa, ilionekana wazi nani hahitajiki.

"Utabaki na Mheshimiwa," Anna alisema, akamfungua mtoto mgongoni.

Mtoto mwenyewe aliitwa Optatus, jina la babu yake upande wa Anna, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa na kichwa kikubwa, tumbo kubwa, na tabia ya kuchangia bila kupewa nafasi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe. Akilala alikuwa malaika. Shida ilikuwa kumfikisha huko.

"Na simu nipe," shangazi alisema, mkono umenyooshwa. "Yangu haina chaji, na wageni watapiga kutoka stendi."

"Shangazi, nitajuaje saa?"

"Ya kazi gani? Una kikao?"

Wakaondoka, maneno yao yakififia njiani. Mheshimiwa alimtazama Loisi, akatazama lango mama yake alikopotelea, akafungua mdomo.

Loisi alimpakata, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa ncha za vidole, haraka haraka, kama anaandika. Mtoto akapaza sauti. Akamwimbia wimbo wa kanisani, beti zote, akaumaliza kabla mtoto hajavuta pumzi ya pili. Akamrusha juu, akamwonesha kuku, akamwonesha mbuzi. Hakuna hoja iliyopita. Alitazama mkono wake mahali ambapo simu huwa, mkono ulikuwa mtupu. Alitazama kivuli cha jiko. Ncha yake ilikuwa imegusa ukingo wa ungo uliokuwa umeanikwa uwele. Akahangaika na mtoto kwa kile alichodhani ni mchana mzima, akatazama tena. Kivuli kilikuwa pale pale kwenye ukingo wa ungo, hakijala hata punje.

"Unajua baba," alimwambia mtoto, "nikikufa hapa wataandika nimekufa kwa uzee."

Akaamua kumbeba mgongoni. Alimfunga upesi, kanga ikateleza, nusura mtoto ashukie miguuni. Akamfunga tena. Ikateleza tena. Mara ya tatu hakuwa na ujanja: ilibidi ainame hasa, amsikilizie mtoto anakaa wapi juu ya mgongo wake, avute upande mmoja, avute wa pili, akunje fundo kifuani bila haraka. Safari hii mtoto akashika. Akawa analia shavu lake likiwa kwenye uti wa mgongo wa Loisi, na kilio hicho Loisi hakukisikia kwa masikio peke yake, kilipita mbavuni.

Ndipo, katikati ya vilio viwili, mtoto akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi kubwa ya mtu anayejiandaa. Tumbo lake dogo lilijaa likausukuma mgongo wa Loisi, na Loisi akagundua kwamba mgongo wake haukuwa na la kujibu. Haukuinuka wala kushuka. Alikuwa amejibana pumzi. Tangu lini? Tangu walipoondoka, labda. Labda tangu Jumamosi. Mabega yake yalikuwa karibu na masikio, na meno ya juu yalikuwa yamekalia ya chini kama kifuniko cha sufuria.

Akaachia. Pumzi ilitoka ndefu hadi akajishangaa alikuwa ameiweka wapi. Na mtoto, kwa mshangao au kwa kuchoka, akaachia yake.

Wakabaki hivyo kidogo, wote wawili hawana pumzi ndani. Kisha tumbo dogo likaanza kujaa tena, na safari hii Loisi alilisubiri. Haikuwa ile subira yake ya kazini, ya mguu juu ya kikanyagio. Alikuwa hana pa kwenda. Tumbo lilipanda, yeye akapanda nalo. Lilipofika juu likakaa, kitambo kidogo sana ambacho siku zote alikuwa akikiruka, halafu likashuka, na mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ukatua kwenye makalio ya mtoto. Pu. Ukangoja. Tumbo likapanda, likakaa, likashuka. Pu.

Akaanza kutembea. Mchanga ulikuwa wa moto kwa juu na wa baridi pale kisigino kinapozama. Hakuwa amevikumbuka visigino vyake kwa muda mrefu. Uzito ulihama nyonga hii ukaenda nyonga ile. Magoti yalijikunja yenyewe kupokea mzigo. Moyo wake ulikuwa unasikika shingoni, ukimwuliza jambo, na kadiri alivyouacha uulize ndivyo ulivyopunguza maswali. Upepo ulipita kwenye ua wa miiba ukitoa sauti kama ya mtu anayepepeta. Ngozi ya ngoma kubwa, iliyoachwa juani, ililia tik moja ikikaza. Mbali, upande wa reli, treni ilipiga honi, na Loisi akaisikia toka ilipoanza hadi ilipokwisha, na mwangwi wake, na ukimya ulioshika nafasi yake. Hakuna kitu kilichokuja kikiwa kimebebana na kingine.

"Loisi."

Wanawake walikuwa wamesimama langoni na viti vichwani.

"Mmesahau nini?" Loisi aliwauliza kwa sauti ya chini.

"Tumesahau?" Anna alitua viti vyake. "Wifi, tumefika kanisani, tumemsubiri mwenye funguo ametoka shambani kwake, tumehesabiwa viti, tumekunywa na soda, na shangazi akapata nafasi ya kugombana na fundi wa maturubai."

Loisi alitazama kivuli. Kilikuwa kimeuvuka ungo, kimevuka uwanja, kimepanda ukuta wa nyumba hadi dirishani. Angeulizwa kama muda ule ulikuwa mrefu au mfupi asingejua kusema. Ulikuwa mpana. Nyuma yake Mheshimiwa alikuwa amelala mdomo wazi, udenda umemlowesha mlinzi wake shingo nzima.

Hapo ingefaa mambo yawe yamekwisha, lakini hayakuwa. Shangazi alisema mtoto alazwe mkekani, ngoma ishikwe, wasikilize. Loisi alibana ngoma. Alipiga vizuri, hata yeye alijisikia. Kisha akainua macho akaona nyuso zote zinamngoja akosee, akafikiria kesho, akafikiria lile pigo ambalo lingeharibika, akaenda mbele kulitazama. Mtoto aliamka mkekani akalia. Mikono ikaondoka mbio.

"Bibi harusi amefika katikati vizuri sana," shangazi alisema, kwa upole uliomuuma Loisi kuliko mzaha. "Halafu katokewa na nyuki. Anna, kesho utashika kubwa."

Stanley alimkuta nyuma ya jiko ananawa uso. Alikuwa amenyoa kwa ajili ya kesho na masikio yake yalionekana makubwa kama ya utotoni.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini? Ngoma au shangazi?"

"Vyote." Akachuchumaa karibu naye. "Unakumbuka yule wa gunzi?"

"Yule alikuwa bibi harusi mzuri. Hakulalamika hata siku moja."

"Hakuwa na miguu, dada."

Loisi akacheka huku maji yanamtiririka, na hakuwa na haja ya kueleza ni maji gani.

Jumamosi misa iliisha jua likiwa utosini. Wageni wa Bukoba walikuja kwa gari, wamependeza, wakasimama nje ya lango wakikung'uta vumbi jekundu kwenye mavazi yao marefu ya kung'aa. Mbele yao Paskazia, ndani ya gauni ambalo lingetosha kufunika jiko lote, alilishika kwa mikono miwili akatazama mchanga, kisha viatu vyake, kisha mchanga. Stanley alikuwa mlangoni ndani ya suti, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Mpiga picha wa video alitembea kinyumenyume. Anna alibana ngoma kubwa. Loisi alikuwa pembeni na Mheshimiwa mgongoni, maana katika ukoo mzima, tangu jana, mtoto huyo alikuwa hamtaki mwingine isipokuwa mama yake na yeye.

Anna akapiga. Alikuwa mpigaji mzuri, hakuna aliyebisha. Paskazia akainua mguu, akatua. Akainua, akatua. Vigelegele vikapanda.

Mheshimiwa akamwona mama yake yuko mbele na yeye hapelekwi kwake. Akapiga yowe.

Mkono wa Anna ukachelewa. Paskazia alikuwa ameinua mguu. Akabaki nao hewani, akiyumba kama korongo. Pigo likaja, mguu ukashuka, mtoto akapiga yowe jingine, na pigo lililofuata likaja vipande vipande. Wenye ngoma ndogo wakagongana. Anna aliuma midomo, akajaribu tena, akasimama. Doa la maziwa lilikuwa linatanuka kwenye blauzi yake mpya.

Kimya kikatanda uani, ukiacha mheshimiwa mmoja. Langoni mama yake Paskazia aliweka kiganja juu ya macho aone vizuri kilichotokea.

"Wifi," Anna alisema, akiinyoosha ngoma mbele yake. "Njoo chukua chombo chako. Huyu akiniita mwili mzima unakwenda kwake, siwezi kusikia kingine. Nipe mtoto."

Loisi alishika fundo la kanga kifuani. Mtoto alivuta pumzi ya kulia, na tumbo likamsukuma mgongoni. Akaliachia fundo.

"Mwache tu."

"Nimwache? Na ngoma yote hiyo?"

"Mwache."

Aliibana ngoma. Mti wake ulikuwa na joto la moto wa asubuhi, joto likapenya kwenye mapaja. Alikunja magoti. Watu wote walimtazama, na yeye aliwaona wote, shangazi na nyusi zake juu, Stanley na masikio yake, mashangazi wa Bukoba, na tena akahisi ile hamu ya kwenda mbele akaone itakuwaje. Lakini mtu alikuwa amemshika kwa nyuma. Tumbo dogo lilikuwa linapanda. Loisi akapanda nalo. Mpiga video alimtolea macho, kwamba anza. Hakuanza. Tumbo likakaa juu, kile kitambo kidogo, likaanza kushuka.

Akapiga.

Pigo lilitoka ardhini likapanda visigino, magoti, mti wa ngoma, viganja, kisha likaenda kwa watu. Mguu wa Paskazia ukatua mchangani bila kuzama. Loisi hakulifuata pigo la pili. Alibaki na la kwanza mpaka likaisha lote, na lilipokwisha la pili lilikuwa limeshafika lenyewe mlangoni mwake. Ngoma ndogo zikaingia. Njuga zikaingia. Shangazi Evelina akaachia sauti ya kuanzisha wimbo, ile sauti yake halisi, nzito, yenye mikwaruzo na mapumziko yake, na Loisi akashangaa jinsi ilivyokuwa nzuri kwenye mapumziko hayo.

Paskazia alikuwa anacheka. Alikuwa ameacha kutazama viatu. Kati ya hatua na hatua alipata nafasi ya kumtazama kila mtu, huyu mzee, yule mtoto aliyechungulia juu ya ua, na kuku aliyekatiza mbele yake bila mwaliko. Mama yake aliingia kwa nyuma akaanza kucheza mabega, akifuata ngoma asiyoijua kana kwamba ameizoea, na mashangazi wakamfuata. Watu wa Zuzu wakawapisha. Uwanja ule mdogo, ambao Loisi aliwahi kuuvusha wimbo mzima kwa mchakamchaka, ulikuwa mkubwa kama mbuga.

Anna ndiye aliyeona kwanza. Alimgusa shangazi kwa kiwiko, akaonesha kwa mdomo. Shangazi akatazama, akakosa neno la wimbo, akacheka, akalidaka neno. Kicheko kikapita kutoka ngoma hadi ngoma: mgongoni mwa Loisi, katikati ya mshindo uliokuwa unatingisha masufuria jikoni, Mheshimiwa alikuwa amelala fofofo. Kichwa kimeegemea, mdomo wazi, udenda unashuka. Kila ngoma kubwa ilipolia shavu lake lilitikisika kidogo kama uji kwenye bakuli.

Bibi harusi alifika mlangoni. Stanley alimpokea mkono, akamtazama dada yake juu ya lile gauni lote, huku analia na kutabasamu na pua inamsumbua. Loisi alipiga pigo la mwisho, akaliacha lijimalize.

"Dada," mpiga video alisema, akifuta jasho, "mnajua mmepiga muda gani? Betri nzima."

"Wewe nawe," Loisi alisema. "Ndiyo kwanza tumeanza."

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu, lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakukitaka. Mheshimiwa alifumbua macho, akasikiliza, hakusikia alichokuwa anakisikia, akajaza tumbo na kupiga yowe lililowafikia hadi madereva kule nje.

Shangazi Evelina alimtazama mtoto, akatazama lango.

"Mheshimiwa hajakubali hoja ifungwe," alisema. "Mwali, utatusamehe."

Paskazia alikuwa ameshaelewa. Alivua viatu vyake virefu, akampa Stanley avishike, akakusanya gauni hadi magotini na kurudi langoni huku anacheka, mama yake na mashangazi wakimfuata mbio na kusukumana wapate nafasi ya mbele.

Loisi alikunja magoti tena. Aliweka viganja juu ya ngozi, akangoja tumbo dogo lishuke.